Akiba ya likizo kwa mwalimu wa Bulla Pesa: Desemba, Njaanuari na bando la darasani

Mwaka 2025 shule zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 25 Agosti, na muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote. Wiki tisa tu, halafu tarehe 24 Oktoba zikafungwa, na kengele haikupangwa kulia tena hadi 5 Januari 2026. Hiyo ni zaidi ya wiki 10 za likizo. Mwalimu wa TSC hana wasiwasi sana, mshahara wake unaingia kama kawaida. Lakini mwalimu wa BOM, yule anayeajiriwa na halmashauri ya shule na kulipwa shule zikiwa wazi pekee, anajua maana ya wiki 10. Kodi ya nyumba haifungwi, na mwenye duka anaendelea kuandika kwenye daftari.

Mwezi huu somo letu tunalipeleka Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa. (Ndiyo, jina lina pesa ndani yake, na tunajua wenyeji mmeshachoka na utani huo.) Tumeuchagua kwa sababu walimu wengi wa mjini Isiolo wanatuuliza maswali mawili pamoja: nitawekaje akiba ya likizo kwa simu, na nitalipiaje vifaa vya kidijitali ninavyotumia kufundisha? Yanaonekana ni mambo mawili tofauti, lakini yanatoka kwenye mfuko mmoja. Bando ulilonunua Jumanne usiku ili upakie alama za wanafunzi ni pesa ya unga ya Desemba.

Hebu tuanze na hesabu.

Mshahara wako wa kweli ni upi?

Tuseme mwalimu wa BOM analipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Ni mfano tu, wengine wanapata chini ya hapo na wengine juu kidogo. Kwa mwaka analipwa miezi minane: Januari, Februari, Machi, Mei, Juni, Julai, Septemba na Oktoba. Aprili, Agosti, Novemba na Desemba hakuna kitu. Kwa hiyo mwaka mzima anapata 12,000 mara 8, yaani 96,000. Gawanya kwa miezi 12. Unapata 8,000.

Hapo ndipo walimu wengi wanaponaswa. Mwalimu anapanga maisha yake kwa 12,000: anakodi nyumba ya mtu wa 12,000, anaingia kwenye chama cha watu wa 12,000, na mwezi mzuri anaona ana pesa. Kumbe mshahara wake ni 8,000, na zile 4,000 za juu ni mkopo ambao amejikopesha kutoka miezi ambayo shule itakuwa imefungwa. Akiziweka kando kila mwezi anaolipwa, kwa miezi minane atakuwa ameweka 32,000, na hizo zinatosha miezi minne ya 8,000. Hesabu inafunga bila kubaki hata shilingi.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa haraka. Malipo huja mwisho wa mwezi. Pesa ya Oktoba ukiipata mwishoni mwa Oktoba, ndiyo utakayokula Novemba. Malipo yanayofuata ni ya mwisho wa Januari. Kwa hiyo shimo lenyewe haliko Novemba na Desemba kama tunavyodhani. Liko Desemba na Januari, miezi miwili migumu kuliko yote: kwanza sherehe na nauli zilizopanda, halafu sare, vitabu na karo. Januari 2026 ilikuwa na mzigo wa ziada pia, kwa sababu ndipo wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia shule za sekondari ya juu. Ikiwa una mtoto nyumbani anayefanya mtihani wa KJSEA mwaka huu, orodha ya vitu vya kununua itakufikia kabla ya mshahara. Wakenya hawakuuita mwezi huo Njaanuari kwa bahati mbaya.

Na anayeanza mwanzoni mwa muhula wa tatu, bila akiba yoyote? Tusidanganyane. Ana malipo mawili mbele yake, ya Septemba na ya Oktoba, jumla 24,000, na yanapaswa kumfikisha hadi mwisho wa Januari: Oktoba, Novemba, Desemba na Januari. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi. Haitoshi kwa starehe, lakini kuijua namba hii sasa ni afadhali kuliko kuigundua tarehe 20 Desemba. Ukiijua mapema unaweza kuongea na mwenye nyumba mapema, kutafuta kibarua cha Novemba, au kuuza mbuzi mmoja wakati bei yake bado ni nzuri, badala ya kumuuza kwa haraka ukiwa umebanwa. Kama utasimamia mtihani wa kitaifa, malipo yake usiyaweke kwenye hesabu mpaka yaingie kwenye simu. Yakija, ni baraka.

Pesa ikae wapi?

Kwanza, isikae kwenye salio la kawaida. Tunasema hivi ingawa sisi ni kampuni ya malipo na tungefurahi ukae nayo hapo. Salio la kawaida ni kama pesa mfukoni ukipita sokoni. Kila mtu anaiona: wewe mwenyewe, boda, na shemeji anayeomba "nisaidie mia tano hadi kesho". Na kama una deni la Fuliza, ile huduma ya kukamilisha malipo salio likipungua iliyoanza 2019, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako hukatwa deni kwanza. Mwalimu anaweza kuomba rafiki amrudishie 1,000 ya akiba, na isimfikie nzima. Lipa hilo deni kabla hujaanza kuweka akiba, vinginevyo unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Njia ya pili ni akiba ya kufungwa kwenye simu. Akaunti za akiba kwenye simu zilianza kujulikana Kenya mwaka 2012 M-Shwari ilipoanzishwa, miaka mitano baada ya M-Pesa yenyewe kuanza 2007, na KCB M-Pesa ikafuata 2015. Leo benki nyingi zina kitu kama hicho. Unachagua kiasi, unachagua tarehe, na pesa inafungwa mpaka siku hiyo. Faida yake kubwa kwa mwalimu si riba, ambayo kwa kiasi kidogo hata soda inaweza isinunue. Faida ni ule ugumu wa kuitoa. Kwa hiyo panga tarehe ya kufunguka kwa makini: nusu ifunguke mwanzoni mwa Desemba na nusu mwanzoni mwa Januari. Ukiacha yote ifunguke tarehe 20 Desemba, Januari utaisikia kwa majirani.

Pesa iliyo kwenye akaunti ya benki, hata kama unaifikia kwa simu, inalindwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya, KDIC, hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kwa hiyo uliza swali moja kabla ya kuweka akiba kwenye programu yoyote uliyoiona Facebook: pesa yangu inashikwa na benki gani, au na Sacco gani iliyosajiliwa? Kama jibu linazungukazunguka, ondoka. Msimu huu ndio wanaokuja na "akiba ya walimu, weka 2,000 upate 6,000 Desemba". Hakuna akiba ya namna hiyo.

Njia ya tatu ni watu. Chama cha ofisi ya walimu bado kinafanya kazi kuliko programu nyingi, kwa sababu unaogopa kuaibika mbele ya wenzako kuliko unavyoogopa ujumbe wa simu. Tutarudi kwa chama baadaye kidogo, kwenye projekta.

Kuna jambo linalowahusu Waislamu, na Bulla Pesa ni wengi. Baadhi yenu hamtaki riba, na mko sahihi kuuliza. Kuna benki zinazofuata sharia nchini, kama Gulf African Bank iliyoanza 2008, na akaunti zao za akiba unaweza kuzijaza kwa simu. Chama kisichotoza riba nacho hakina shida hiyo. Lakini kuna ugumu mwingine: Krismasi haisogei, Idd inasogea. Kila mwaka Idd-ul-Fitr inakuja mapema kwa siku 10 au 11 hivi. Mwaka 2026 ilitarajiwa karibu na tarehe 20 Machi kutegemea mwezi, ndani ya muhula wa kwanza, kabla malipo ya Machi hayajaingia. Kwa hiyo mwalimu anayesherehekea Idd apange mfungo wake wa akiba ufunguke wiki moja au mbili kabla ya Idd ya mwaka husika, na asitumie tarehe za mwaka jana.

Sasa hesabu ya kidogo kidogo, kwa yule anayesema hana 4,000 ya kuweka. Shilingi 50 kwa siku kuanzia 1 Septemba hadi 24 Desemba ni siku 115. Hiyo ni 5,750. Haijengi nyumba, lakini inaweza kuondoa mkopo mmoja wa Januari.

Na angalia makato. Wakati tukiandika haya, kutoa 500 kwa wakala wa M-Pesa kunakatwa shilingi 29, na kutoa 2,500 kunakatwa 29 hizo hizo. Mwalimu anayetoa 500 mara tano kwa wiki analipa 145 kupata pesa ambayo angeipata kwa 29. Tofauti ni 116. Ifanye kila wiki ya muhula wa wiki tisa, unakaribia 1,044. Afadhali toa mara moja, au usitoe kabisa na ulipe dukani moja kwa moja kwa namba ya Till.

Bando la darasani ni la nani?

Mwalimu wa leo anafundisha kwa simu yake, apende asipende. Alama za tathmini ya shuleni zinapakiwa kwenye tovuti ya KNEC, na hazichezi: kwa mwanafunzi wa Gredi ya 9, alama za tathmini ya Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 ya matokeo yake, KPSEA asilimia 20, na mtihani wenyewe wa KJSEA asilimia 60. Mwalimu akikosa bando siku ya mwisho, mtoto wa mtu ndiye anayeumia. Kwa hiyo hii si pesa ya anasa. Lakini pia si haki itoke kwenye sahani ya watoto wako bila kuandikwa popote.

Ushauri wetu ni kuifungulia mfuko wake. Wiki mbili andika kila shilingi unayotumia kwa kazi ya shule: bando, kuchapisha, nauli ya kwenda saiba. Utashangaa. Kisha fanya mambo mawili: peleka daftari hilo kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, na uulize kama shule inaweza kuchangia bando la kupakia alama. Wengine watakubali, wengine watasema hakuna fungu. Lakini ombi lenye namba husikilizwa kuliko malalamiko. Jambo la pili ni kununua bando la muda mrefu mara moja kwa pesa ya mfuko huo, badala ya vibando vya saa moja vinavyonunuliwa kwa hasira saa tano usiku.

Halafu punguza matumizi yenyewe. Vifaa vingi vya darasani havihitaji intaneti kila siku. Wingu la Elimu la KICD lina maudhui yaliyoandaliwa kwa mtaala wetu. Ukipata waifai ya bure, pakua ya mwezi mzima na uyahifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Kama shule yako ina zile tableti za mpango wa serikali ulioanza 2016, uliza funguo za kabati. Hatutanii. Zaidi ya tableti milioni moja zilisambazwa nchini, na zipo shule ambako zimelala kwa sababu chaja imepotea au hakuna aliyepewa jukumu. Chaja ni rahisi kuliko tableti mpya.

Kwa mtihani mdogo wa darasa, Google Forms ni ya bure na inasahihisha yenyewe. Google Classroom nayo ni ya bure, lakini tukisema kweli, kwa darasa ambalo nusu ya wazazi wana mulika mwizi, itakaa tupu. Kundi la WhatsApp lenye sauti fupi za dakika mbili na picha ya ubao linafika mbali zaidi, na linakula bando dogo kuliko video. Na wenye mulika mwizi tusiwasahau. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, watoto wengi walisoma kwa redio na kwa ujumbe mfupi kupitia Shupavu 291 ya Eneza, bila simu janja. Mwalimu anaweza kutuma maswali matatu kwa SMS kila Ijumaa kwa wazazi hao. Hiyo nayo ni darasa la kidijitali.

Tahadhari mbili za kisheria, kwa sababu zinagusa pesa yako. Kwanza, usiwaze kuziba shimo la Desemba kwa kuwatoza wazazi masomo ya likizo, hata kwa Zoom. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya likizo. Pili, picha za wanafunzi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Piga picha ya daftari, mtoto mwache nje.

Pesa ya wengine kwenye laini yako

Hili tunaliona mara nyingi na linavunja urafiki. Mzazi anatuma 200 za karatasi za mtihani kwenye namba binafsi ya mwalimu. Wazazi 40 wanatuma. Zinachanganyika na mshahara, Fuliza inakata kidogo, mwalimu anakopa kidogo "nitarudisha Ijumaa", na Ijumaa mzazi mmoja anasimama kwenye mkutano na kuuliza 8,000 zetu ziko wapi. Mwalimu hakuiba. Lakini hana jinsi ya kuonyesha.

Michango ya shule ipite kwenye akaunti au Paybill ya shule. Kama ni jambo dogo la darasa na mwalimu mkuu amelikubali, tumia laini tofauti isiyo na deni, na mtu wa pili, mzazi mmoja, aone taarifa ya akaunti kila wiki. Taarifa hiyo unaipata kwa simu yako mwenyewe. Itume kwenye kundi kabla hujaulizwa.

Projekta ya chama ifuate utaratibu huo huo. Walimu 10 wakichanga 300 kila mwezi wa malipo, kwa miezi minane ni 24,000. Kama mnanuia kufanya hivyo kwa miaka, jisajilini: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka angalau wanachama 10, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti yake ya benki, ili pesa isikae kwa jina la mweka hazina. Kubalianeni mapema kwa maandishi mwalimu akihamishwa kwenda Merti au Garba Tulla anaondoka na nini. Projekta haigawanyiki.

Mchango wa projekta usitoke kwenye zile 4,000 za likizo. Ukishindwa kulipa vyote viwili mwezi fulani, waambie wenzako utakosa mwezi huu. Projekta inaweza kungoja muhula ujao. Kodi ya Januari haitangoja.

Kama unaanza jioni hii: lipa deni dogo kwanza, fungua mfuko wa kufungwa wenye tarehe mbili, mwanzo wa Desemba na mwanzo wa Januari, na uweke agizo la pesa kuhama siku ile ile malipo yanapoingia, kabla hujafika kwa mama mboga. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata anayejitambulisha kuwa anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi kamwe.